Bibi aliniambia hii taa haijawahi kushikwa na mtu

Picha ya kwanza ya kitu cha zamani niliyoimaliza kwa moyo wote ilikuwa ya kandili, ile taa ya mafuta yenye kioo katikati na waya wa kubebea juu. Ilikuwa ya bibi yangu, na nlikaa nayo karibu miezi miwili naichora kwa rangi za mafuta. Nlipoimaliza nlikuwa nimeridhika kabisa maana kutu ilikuwa imetoka vizuri, yaani ukisogea karibu unaona chembe moja moja, na kila aliyeiona alisifia ile kutu. Bibi akaja, akaisogelea, akavua miwani akaifuta akavaa tena, akaniuliza hii taa ya nani. Nikamwambia bibi si ndo ile yako. Akasema hapana mjukuu wangu, hii haijawahi kushikwa na mtu.

Afu akaichukua kandili yenyewe pale mezani akaanza kunionyesha. Mi nlikuwa naibeba hapa kwenye waya, hapa kutu itakaaje wakati mkono unapita kila jioni? Na hapa kwenye kijishikio cha kuinulia kioo pamesuguka mpaka bati linang'aa, we umepajaza kutu. Huku chini ndo maji yalikuwa yanatulia nikiiweka kwenye sakafu yenye unyevu, huku ndo kumeliwa, we umepaacha pasafi. Alikuwa anaongea taratibu tu wala hanilaumu, lakini kila alichosema kilikuwa kweli na mimi nlikuwa nimekaa mbele ya ile taa miezi miwili sijaona hata kimoja. Nlikuwa nimeshaamua kichwani kwamba kitu cha zamani kina kutu, basi nikaipaka kutu popote niliponogewa.

Tangu siku hiyo nimechora vitu vingi vya zamani, simu ya kuzungusha namba, redio kubwa ya bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, birika la shaba, kamera ya mkanda, saa ya mezani, mashine ya kuchapa, na sa hivi niko na pasi ya mkaa. Nataka niandike niliyojifunza kwa sababu naona watu wengi wanaanza na vitu hivi wakidhani ugumu uko kwenye vidoti na mikwaruzo, na wanakata tamaa mahali ambapo mimi pia nlikaribia kukata.

Nianze na kwa nini ile kandili ilikufa, maana mahali pa kutu palikuwa nusu tu ya kosa. Nusu nyingine niliigundua baadaye nlipoipiga picha kwa simu nikaiondoa rangi ikabaki nyeusi na nyeupe. Taa ikapotea. Lile tangi la chini ambalo ni la duara likawa kama karatasi iliyokatwa, sababu nlitumia rangi ileile ya machungwa ya kutu upande wenye mwanga na upande wa giza. Kwa macho nliona rangi nzuri, kumbe kwa upande wa mwanga na giza nlikuwa nimelibomoa umbo zima. Kutu iliyo upande wa kivuli haina umachungwa ule, inakuwa kahawia nzito iliyopoa, karibu na nyeusi, na ukiitazama peke yake hata huwezi kujua kwamba ni kutu, unajua tu kwa sababu ya jirani zake. Sasa hivi kutu ya kwenye mwanga naichanganya kwa siena ya kuchomwa, kahawia yenye wekundu, na oka kidogo, ile njano ya udongo, nikiingia toni za kati, yaani kati ya mwanga na giza, naondoa oka naongeza amba, kahawia nzito ya udongo, nikifika kwenye giza ni amba ya kuchomwa na ultramarini, ile buluu iliyokolea, basi. Na kutu haing'ai, hilo nalo nlikuwa silijui. Bati lenye rangi linang'aa lakini kutu inameza mwanga, kwa hiyo ule mng'ao unaoteremka ubavuni mwa taa ukifika kwenye kutu unakatika ghafla, afu unaendelea ng'ambo. Ule mkatiko mmoja unamwambia mtazamaji hapa pana kutu kuliko vidoti mia mbili ulivyotia kwa brashi namba sifuri.

Kwa hiyo utaratibu wangu ulibadilika. Sasa hivi kila picha naianza na mchoro wa rangi moja tu, amba mbichi na nyeupe, nachora kitu kizima kama kingekuwa kipya na kimechongwa kwenye chaki, hakuna mkwaruzo hakuna herufi hakuna vumbi. Mpaka hapo kikikaa mezani na kuwa na uzito, ndo naruhusu uzee uingie. Kama hakijakaa nakaa nacho mpaka kikae hata kama ni wiki mbili. Hii njia si yangu, wachoraji wa zamani wa Ulaya walianza hivyo kwa karne nyingi, ila mimi ilinibidi niharibu kandili ya bibi ndo niielewe.

Amba mbichi ina faida nyingine, inakauka haraka. Hapa niseme kidogo kuhusu kukauka maana nimeumia nako. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kutoka kama nguo kwenye kamba, mafuta ya kitani yanavuta oksijeni ya hewani yanageuka kuwa gumu, na kila rangi ina mwendo wake. Amba zinakimbia kwa sababu zina manganizi ndani yake. Ile nyeusi ya mifupa inachukua mafuta mengi na inachelewa mno. Ile picha ya redio, mimi nlitaka giza zuri nyuma yake, nikapaka nyeusi nene yenye mafuta, siku ya tatu juu imeshika ngozi nikadhani imekauka, nikapaka amba niliyoizimua na tapentaini juu yake. Baada ya miezi kadhaa pakaanza kupasuka nyufa nyembamba kama tope la bwawa lililokauka, kwa sababu ya juu ilishakuwa gumu na ya chini bado inajivuta. Wazee wa kazi hii wana sheria ya kuanza na mafuta machache na kwenda juu na mafuta mengi, nlikuwa nimeisoma hata kabla ya hapo, ila nlidhani ni mambo ya watu wa makumbusho. Siku hizi nyeusi siitumii peke yake kwa tabaka la chini, nachanganya amba na ultramarini napata giza lenye uhai zaidi na linalokauka. Na vanishi ya mwisho nasubiri miezi sita au zaidi hata mwenye picha akinisumbua. Halafu matambara uliyofutia mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa kwenye ndoo, yakilundikana yanapata joto yenyewe mpaka yanawaka moto, hii ni kweli kabisa, yaloweshe maji au yatandaze nje yakauke moja moja.

Turudi kwenye kuona. Vitu vya zamani vingi vina duara, mdomo wa birika, kioo cha taa, uso wa saa, ile sahani ya namba ya simu, na duara ukiitazama kwa pembeni inakuwa duaradufu na hapo ndo picha nyingi zinapoharibika kabla hata rangi haijafunguliwa. Mambo mawili yalinisaidia. La kwanza, duaradufu haina ncha kali kwenye ncha zake mbili, hata iwe nyembamba kama uzi bado pale mwisho inazunguka, usiichore kama jani. La pili, kadiri duara inavyokuwa chini zaidi ya macho yako ndo inavyofunguka, kwa hiyo duara ya kitako cha birika ina tumbo kubwa kuliko ya mdomo wake, na watu wengi wanachora kitako kimenyooka kabisa kwa sababu wanajua kinakaa kwenye meza iliyonyooka. Na kama kitu kimelala au kimeinama, tafuta mhimili unaopita katikati yake kama ekseli ya gurudumu, upana mdogo wa duaradufu unafuata mhimili huo. Sahani ya namba ya ile simu nliifuta mara saba. Ilikuwa imeinama kwenye mteremko wa simu na mimi nlikuwa naichora kana kwamba imelazwa mezani, mara ya nane nikachora kwanza mstari wa ekseli ambayo kidole kinaizungusha, ikakaa palepale.

Na kichwa chako kikisogea kidogo tu kila kitu kinabadilika. Mi nimebandika mkanda sakafuni mahali pa miguu yangu na nyuma ya kitu nimeweka alama ukutani, nikisimama nahakikisha ncha ya kitu inagusa ile alama nikiwa nimefumba jicho moja, ndo naanza. Nlipokuwa sifanyi hivyo asubuhi nlikuwa nachora kitu kimoja na jioni kingine bila kujua, afu nashangaa mbona upande wa kushoto wa redio na wa kulia havielewani.

Mwanga nao ulinisumbua sana. Vitabu vingi vinasema kaa karibu na dirisha la kaskazini, nikahangaika nalo, miezi kadhaa lilikuwa sawa kisha jua likaanza kuingia moja kwa moja na kuvuruga vivuli vyote. Nikaja kuelewa kwamba ushauri ule uliandikwa na watu walioko mbali kaskazini mwa dunia ambako jua linapita kusini kwao mwaka mzima, aliye kusini kabisa anatakiwa afanye kinyume, na aliye karibu na ikweta jua linamtembelea pande zote mbili kulingana na mwezi. Nikaacha dirisha. Natumia taa moja tu kwa kitu, nimekijengea kiboksi cha kadibodi nyeusi wazi mbele ili mwanga usiruke kutoka kutani, na taa nyingine ya aina ileile juu ya kanvasi, zote za kelvini 5000, kipimo cha rangi ya mwanga, hapo unakuwa mweupe karibu na wa mchana. Ile ya kanvasi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Nlishawahi kuchora wiki nzima chini ya balbu ya njano, nilipoitoa picha nje mchana shaba yote ilikuwa imegeuka kijivu cha buluu, kwa sababu njano ya balbu ilikuwa inanidanganya kwamba rangi yangu ina njano ya kutosha.

Shaba, jamani. Hapa ndo nataka nikae kidogo maana birika la shaba limenifundisha zaidi ya vitu vyote. Kwanza chuma kinachong'aa hakina rangi yake unayoweza kuichanganya ukaipaka, kina vitu vilivyokizunguka vimekunjwa kwenye tumbo lake. Ukianza na wazo la "rangi ya shaba" unapata birika la plastiki ya machungwa. Nlichofanya ni kuacha kusema birika, nikawa nachora madoa, doa hili giza lina umbo la pembetatu limepinda, hili linang'aa lina ukingo mkali kushoto na laini kulia, nikienda hivyo nusu ya siku bila kutaja jina la kitu chochote kichwani. Halafu kuna jambo la mng'ao wenyewe, ile sehemu inayowaka kabisa. Kwenye bakelaiti, kwenye kauri, kwenye rangi ya bati, ule mng'ao unachukua rangi ya taa inayomulika, kwa hiyo kama taa yako ni nyeupe mng'ao ni mweupe hata kama kitu ni chekundu. Kwenye shaba na shaba ya njano na dhahabu mng'ao wenyewe unatiwa rangi na chuma, unakuwa na joto la machungwa au njano hadi juu kabisa. Tofauti hii ni ndogo sana kwenye kanvasi, brashi moja au mbili tu, lakini ukikosea jicho linakataa na mwenye jicho hajui kwa nini. Redio yangu ya bakelaiti niliipa mng'ao wa kahawia ikaonekana ya chuma. Niliporudi nikaweka mng'ao wa baridi kidogo ulioparara, ikawa bakelaiti papo hapo. Na nasema ulioparara kwa makusudi kwa sababu bakelaiti iliyokaa kwenye mwanga miaka mingi inapoteza ule uso wake wa kioo, inafifia, kwa hiyo mng'ao wake unatawanyika hauna ukingo. Bakelaiti yenyewe ilibuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, kwa hiyo nyingi ya hizo redio zina umri wa kutosha kufifia.

Kitu kingine cha birika ni kwamba mwenyewe umo ndani. Nlijiona pale tumboni, mtu mdogo kapinda kasimama mbele ya kanvasi na taa nyuma. Kwanza nikajiondoa, nikapaka giza tupu, birika likapoa kabisa, likawa kama limewekwa kwenye chumba kisicho na kitu. Nikajirudisha, madoa matatu tu ya giza na moja la ngozi. Mchoraji mmoja wa zamani, Clara Peeters, alikuwa akifanya hivi mwanzoni mwa miaka ya 1600, kwenye vikombe na vifuniko vya chuma unamwona mwenyewe mdogo sana kwenye mng'ao wa mwanga, tena si mara moja kwenye picha moja. Nlipoziona nlifurahi kwamba alikaa mahali palepale nilipokaa mimi na akakumbana na swali lilelile.

Shaba ikizeeka inashika ukijani, na ule ukijani una mahali pake. Unakaa kwenye maungio, chini ya mshikio, kuzunguka misumari ya kubanana, mahali ambapo kitambaa cha kusugulia hakifiki. Kwenye tumbo la birika na kwenye mdomo kitambaa kinapita, kwa hiyo kunang'aa. Ukiweka ukijani tumboni umesema kwamba hili birika lilitupwa, na ukiuweka kwenye maungio umesema kwamba kuna mtu alikuwa analisugua kila wiki ila vidole vyake havikufika hapa. Haya ni maisha mawili tofauti. Hapo ndo yale maneno ya bibi yalinirudia kwa nguvu, nikawa kila kitu kabla sijakichora nakitumia kwanza. Simu naizungusha namba, kamera naikunja mkanda, mashine ya kuchapa naandika nayo ukurasa hata kama riboni imekauka. Ndo nikajua kwa nini kwenye ile mashine vitufe vya katikati herufi zake zimefutika na vya pembeni bado viko kama vipya, na kwa nini kitufe kirefu cha nafasi kimelika upande mmoja, ni dole gumba la mkono mmoja tu ndo lilikuwa linapiga. Nlichora kile kitufe kwa saa tano na sijutii hata dakika.

Vumbi nalo lina adabu yake. Zamani nlikuwa nikitaka vumbi napaka kijivu chepesi juu ya kitu kizima, kitu kinakuwa na ukungu. Vumbi linakaa kwenye sehemu zinazotazama juu tu, ubavuni halishiki, na likikaa linafanya mambo mawili, linanyanyua giza na linaua mng'ao. Kwenye kitu cheusi linaonekana jepesi, kwenye kitu cheupe linaonekana zito kidogo. Nasubiri tabaka la chini likauke kabisa, nachukua brashi ngumu kavu yenye rangi kidogo sana, naipangusa kwenye tambara mpaka inakaribia kuwa haina kitu, ndo naiburuta juu kwa kubembeleza. Giorgio Morandi, yule Mwitaliano aliyechora chupa zilezile mpaka anafariki mwaka 1964, alikuwa anaacha vumbi likae kwenye vitu vyake na chupa nyingine akizipaka rangi ili zisiakisi mwanga. Picha zake siyo za uhalisia ninaoufanya mimi lakini nimezitazama sana kwa ajili ya kujifunza jinsi toni mbili zinazokaribiana zinavyoweza kukaa bega kwa bega na bado ukaona ukingo.

Kingo ni kitu ambacho natamani mtu angeniambia mapema. Nlikuwa nachora kila ukingo mkali, kila kitu kimekatwa kwa wembe, nikidhani ndo uhalisia. Kumbe macho yako hayaoni kila ukingo kwa ukali mmoja. Ukingo wa kitu cheusi mbele ya giza unapotea kabisa, na ukiuacha upotee mtazamaji anaumalizia mwenyewe na kitu kinapata hewa kuzunguka. Kwenye redio upande wa kivuli nliufuta wote kwa kidole ukiwa bado mbichi, moyo ulikuwa unanidunda maana nilikuwa nimeuchora kwa siku mbili, lakini redio iliingia ndani ya chumba. Chardin, Mfaransa aliyezaliwa 1699, alichora vyombo vya shaba vya jikoni, na ukitazama kwa utulivu kingo zake ni laini ajabu, kali ziko chache na zote ziko mahali anapotaka jicho lako liende.

Kioo cha kandili niliwahi kukiogopa. Sasa hivi nakiona ndo rahisi kuliko vyote ukikubali kwamba kioo hakipo. Unachora kilicho nyuma yake, ukuta, waya, utambi, vyote kana kwamba kioo hakijawekwa, kikikauka unatia kingo mbili za pembeni ambapo kioo kinakuwa kinene kwa jicho, mng'ao mmoja au miwili, na moshi. Moshi kwenye kandili unapanda, kwa hiyo weusi uko juu unafifia ukishuka, naufanya kwa rangi nyembamba ya kupitisha mwanga, amba na ultramarini kwenye mafuta mengi, naipaka kisha naifuta na pamba mpaka iwe pumzi tu. Kwenye ile picha ya kwanza nlipaka kioo rangi ya buluu hafifu, sijui nani alinifundisha kioo ni cha buluu. Na kama kioo kina ufa, ufa ni mistari miwili iliyogandana, mmoja mwepesi mmoja giza, na katikati unakatika katika, ukiuchora mzima unakuwa waya.

Herufi na namba zilizochapwa kwenye vitu hivi zinataka unyenyekevu. Namba za saa, majina ya stesheni kwenye kioo cha redio. Usiziandike. Mkono unaojua kuandika unaandika kwa mwandiko wako na kwa ukubwa ulio sawa, wakati zile zimefuata mpindo wa kitu. Mi nageuza kitu na kanvasi vyote kichwa chini, nachora zile nafasi tupu kati ya herufi, na namba zilizo upande wa mbali naziacha zikiwa madoa tu. Kwenye saa nimeandika kwa usafi tatu tu, mbili, tatu na nne, zilizobaki ni dokezo, na hakuna aliyewahi kuniambia hazisomeki.

Kuna jambo lingine lililonitesa muda mrefu, weupe. Nyeupe ya titaniamu ndo mwisho wa uwezo wetu, huna kinachozidi hapo, lakini taa inayojiakisi kwenye shaba inang'aa kuliko karatasi nyeupe mara nyingi sana. Kwa hiyo ukichora kikombe cheupe cha bati la enameli kwa nyeupe halisi, mng'ao wake utauweka wapi? Kile kikombe lazima kiwe kijivu, kijivu kabisa, ukikiona kwenye paleti utasema nimekosea. Nlikuwa na kikombe cha enameli kilichobanduka mdomoni, nimekipaka mara ya kwanza cheupe kikawa shimo kwenye picha. Nikakishusha toni tatu, nikatia joto kidogo upande wa mwanga na ubaridi kwenye kivuli, mng'ao mdogo mmoja wa nyeupe tupu, kikaanza kung'aa chenyewe. Na pale palipobanduka, katikati ni giza la chuma, kunazungukwa na pete ya kutu, na ukingo wa enameli una unene, mstari mwembamba wa mwanga upande mmoja na kivuli chembamba upande mwingine. Bila ule unene banduko linakuwa doa lililodondokea.

Mtu anauliza kwa nini usipige picha kwa simu ukachora kutoka pale. Natumia picha kwa kukumbuka mahali pa mikwaruzo tu. Kamera ya simu ukiisogeza karibu inavimbisha mbele na kuvuta nyuma, duaradufu zinaharibika, na vivuli inavifunga vinakuwa nyeusi tupu wakati jicho lako linaona ndani yake kahawia na kijani na mwanga unaoruka kutoka mezani. Nimeziona picha nyingi zilizochorwa vizuri sana na vivuli vyake vimekufa, na najua zilitoka kwenye simu.

Sasa hii pasi ya mkaa. Chuma chake nimekimaliza, chuma cha kumimina kina ngozi ya ukakasi kwa hiyo mng'ao wake ni mpana na mzito, kitako peke yake ndo kinang'aa kwa kusuguliwa na nguo miaka yote, na kuzunguka matundu ya hewa kuna majivu yaliyoganda yana weupe wa joto. Kilichonishinda wiki tatu ni mkono wake wa mbao. Ni mweusi, una mng'ao mrefu juu, nlikuwa nauchora kama kijiti kilichopakwa vanishi, sawa kote kote, na kila nikitazama naona kitu hakiko sawa ila sijui nini.

Juzi nikampelekea bibi. Sikumwambia chochote, nikamwomba tu aishike kama alivyokuwa anapiga pasi. Akasimama, akaishika, akaisukuma juu ya meza taratibu mbele na nyuma, na mkono wake haukushika katikati kama nilivyokuwa nashika mimi, ulishika mbele zaidi karibu na kifuniko, dole gumba limelala juu ya mbao na siyo kuzunguka. Nikamuuliza bibi mbona unashika huku mbele. Akasema nyuma kule ndo moshi unatokea, ungekuunguza. Nikachukua chaki nikaweka alama ndogo pale dole gumba lilipokaa, na alipoiachia nikainama nikatazama kwa pembeni kwenye mwanga. Palikuwa na kijibonde, kidogo mno, cha urefu wa dole gumba, na mng'ao ulikuwa umejikusanya humo humo.